German Shepherd wako: magonjwa yanayomsumbua na namna ya kuyawahi

German Shepherd dume aliyekomaa huwa na kilo 30 hadi 40, jike kilo 22 hadi 32. Kifua chake kimeshuka chini sana, mgongo ni mrefu, na mwaka wa kwanza anakua kwa kasi. Maradhi yake mengi yanatokana na umbo hilo. Mengine yamo kwenye ukoo, kwa kuwa aina hii ilitokana na mbwa wachache wa kuchunga kondoo ambao Max von Stephanitz alianza kuwazalisha kwa mpango huko Ujerumani mwaka 1899. Hapa kwetu, kuanzia Mombasa mpaka Arusha, anaongezewa kupe, jua na joto.

Anayemfuga mbwa huyu inabidi ajue kutofautisha ugonjwa unaompa saa chache na ule unaompa miezi. Wengi huchanganya. Mbwa akichechemea usiku, nyumba nzima inaamka. Tumbo likivimba usiku huohuo, wanasema ameshiba, tuangalie asubuhi. Kuchechemea kungeweza kusubiri hadi Jumatatu. Tumbo halisubiri.

Hatua ya 1: Mzoee akiwa mzima

Chagua siku moja ya wiki umkague kwa mikono, dakika kumi zinatosha. Anza mdomoni. Inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole, kisha uachie. Pale ulipobonyeza patakuwa peupe, na rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde mbili. Kama fizi zake zina rangi nyeusi ya asili, vuta chini kope ya chini ya jicho uangalie utando wa ndani. Ukiujua waridi wake wa kawaida, siku ukipauka utauona mara moja.

Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2 za Selsiasi, juu kidogo kuliko letu, kwa hiyo pua kavu au masikio ya moto havikuambii kitu. Tumia kipimajoto cha kidijitali, ukipake mafuta ya mgando na kukiingiza taratibu kwenye njia ya haja kubwa. Ikizidi 39.5 akiwa ametulia kivulini, mpigie daktari.

Malizia kwa kupapasa mbavu, kuangalia katikati ya vidole, kunusa masikio na kutazama kucha za miguu ya nyuma. Kila mwezi mpige picha mbili kwa simu, moja ukiwa juu yake na moja ubavuni, mahali palepale. Kukonda au kunenepa kwa mbwa mwenye manyoya mengi hakuonekani kwa macho ya kila siku.

Hatua ya 2: Linda nyonga kabla hajatimiza miaka miwili

Tatizo la nyonga ndilo linalotajwa zaidi kwa aina hii. Kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye kikombe chake, kinacheza, kinasuguana, na baadaye kiungo kinaota baridi yabisi. Dalili huweza kuanza akiwa na miezi mitano tu: anakimbia kwa kurusha miguu yote miwili ya nyuma pamoja kama sungura, anasita kupanda ngazi, anainuka kwa shida baada ya kulala, na kiuno kinayumba akitembea.

Chanzo kikubwa ni urithi, kwa hiyo kinga inaanza siku ya kununua. Mwombe anayeuza picha za eksirei za nyonga za baba na mama. Ujerumani chama cha aina hii kimekuwa kikipima nyonga tangu miaka ya 1960, na Marekani OFA, shirika linalokagua viungo vya mbwa, hutoa cheti cha mwisho mbwa akishatimiza miezi 24. Kwa mfumo wa FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, nyonga hupewa herufi A hadi E, A ikiwa ndiyo nzuri kuliko zote. Karatasi za ukoo zinakuambia mbwa alizaliwa na nani. Mara nyingi hazisemi lolote kuhusu nyonga. Wauzaji wengi hapa hawajawahi kuulizwa swali hili, na wataendelea kuzalisha bila kupima mpaka wanunuzi tuanze kuuliza. Mimi binafsi nisingemchukua mtoto wa mbwa ambaye mama yake ana mgongo ulioteremka sana nyuma na anayumba akitembea, hata kama bei ni nusu.

Ukishampata, chakula ndicho kilichobaki mkononi mwako. Watu wengi hupenda mtoto wa mbwa mnene, na hapo ndipo wanapomuumiza. Utafiti mmoja uliofuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2002, uliwapa nusu yao chakula pungufu kwa robo. Hao waliishi karibu miaka miwili zaidi kuliko wenzao, na matatizo ya viungo yaliwachelewa. Kwa mbwa anayekua, mbavu zipatikane kwa kupapasa bila kubonyeza, na ukimtazama kutoka juu uone kiuno.

Usimwongezee unga wa mifupa wala DCP, ule unga wa kalsiamu na fosforasi wa mifugo. Imani kwamba mbwa mkubwa anahitaji kalsiamu nyingi ili masikio yasimame na mifupa ikaze imeharibu viungo vingi. Mtoto wa mbwa hana uwezo mzuri wa kuikataa kalsiamu inayozidi. Inaingia mwilini na kuvuruga ukuaji wa mifupa yenyewe. Kama unaweza, mpe chakula cha watoto wa mbwa wakubwa, ambacho kalsiamu yake tayari imepimwa. Kama unampikia, ugali mtupu na mchuzi unamshibisha tu. Anahitaji nyama, dagaa au mayai kila siku, na mlo huo muonyeshe daktari aurekebishe.

Sakafu ya marumaru inateleza, nayo inamfungua miguu ya nyuma kila anapogeuka. Tandika mkeka wa mpira anapopita sana. Usimkimbize barabarani akiwa mdogo. Acha acheze kwenye majani na apumzike anapotaka mwenyewe. Na usiharakishe kumhasi: watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha mwaka 2016 kwamba madume ya aina hii yaliyohasiwa kabla ya mwaka mmoja yalipata matatizo ya viungo kwa asilimia 21, ilhali yasiyohasiwa ni asilimia 7. Ongea na daktari kuhusu kusubiri mpaka avuke mwaka.

Aliyekwisha kupata tatizo anasaidiwa kwanza kwa kupunguzwa uzito, kisha mazoezi mepesi. Kuogelea kunafaa sana, na aliye pwani ana bahati. Dawa za maumivu ziwe za mbwa, kutoka kwa daktari wa mifugo. Brufeni na diklofenaki za binadamu humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Kidonge unachomeza wewe bila kufikiri kinaweza kumuua yeye.

Jambo moja la kumtuliza mwenye mbwa mdogo: kati ya miezi mitano na kumi na minane, wengi huchechemea mguu mmoja, wiki mbili baadaye ukawa mwingine. Mara nyingi ni uvimbe wa ndani ya mifupa mirefu unaompata mbwa anayekua, unauma kweli lakini unaisha wenyewe. Hata hivyo apigwe eksirei, ili usije ukaita hivyo kitu kingine.

Hatua ya 3: Jiandae kwa tumbo kujipinda, kabla halijajipinda

Huu ndio ugonjwa wa saa. Tumbo linajaa hewa, linavimba, halafu linajizungusha. Njia ya kuingilia na ya kutokea zote zinafungwa, damu hairudi moyoni vizuri, na ukuta wa tumbo unaanza kufa. Bila upasuaji mbwa hufa, mara nyingi siku hiyohiyo.

Dalili yenye uzito kuliko zote ni kutaka kutapika bila kutoa kitu. Anainama, anakukuruka, anatoa mate au povu kidogo tu, dakika chache baadaye anarudia. Hatulii, analala, anaamka, anageuka kutazama ubavu wake. Anadondosha mate. Tumbo nyuma ya mbavu linavimba na ukiligonga kwa vidole linatoa mlio wa ngoma, ingawa kwa mbwa mwenye kifua kirefu kama huyu uvimbe unaweza kujificha chini ya mbavu. Fizi zinapauka. Ukiona kutapika kukavu pamoja na kukosa utulivu, usingoje dalili ya tatu.

Usimpe mafuta, maziwa, magadi wala maji, na usimkande tumbo. Mwingize garini, mpigie daktari ukiwa njiani ili aandae chumba. Na hili ndilo la kufanya wiki hii, mbwa akiwa bado mzima: muulize daktari wako kama anafanya upasuaji huo, na usiku au Jumapili ni nani anayeufanya. Kliniki nyingi za mtaani zinachanja na kutibu minyoo vizuri kabisa, lakini hazina eksirei wala dawa ya usingizi ya usiku wa manane. Aliye Nairobi au karibu na Morogoro ana hospitali za vitivo vya tiba ya wanyama, Kabete na Sokoine, za kuulizia. Wewe wa mbali zaidi unahitaji jina na namba iliyoandikwa ukutani, na mlinzi wa usiku aoneshwe.

Kupunguza hatari, mgawie chakula mara mbili au tatu kwa siku badala ya sufuria moja kubwa jioni, ambayo ndiyo desturi ya nyumba nyingi. Anayekula kwa pupa mtandazie chakula kwenye sinia pana. Asikimbie saa moja kabla na baada ya kula. Kama wazazi au ndugu zake waliwahi kupatwa, zungumza na daktari kuhusu upasuaji wa kulishona tumbo kwenye ukuta wa mwili ili lisiweze kuzunguka. Unaweza kufanywa siku jike anapofungwa kizazi, akalazwa usingizi mara moja tu.

Hatua ya 4: Pambana na kupe ukutani, si mwilini tu

Kupe wa kahawia wa mbwa hushambulia mbwa yeyote, lakini homa anayoileta kupitia kijidudu kiitwacho Ehrlichia humpiga German Shepherd vibaya kuliko mbwa wengi. Jeshi la Marekani liliyaona hayo kule Vietnam, ambako mbwa wake wengi, hasa wa aina hii, walikufa kwa kutokwa damu. Ugonjwa una hila moja. Wiki chache baada ya kuumwa na kupe mbwa hupata homa na kukosa hamu ya kula, kisha anaonekana amepona, huku kijidudu kimejificha. Miezi au hata miaka baadaye kinaibuka kikiwa kimeuharibu uboho unaotengeneza damu. Ndipo unaona damu puani, madoa mekundu tumboni na kwenye fizi, mbwa amekonda na amepauka.

Kwa hiyo homa yoyote ya German Shepherd katika nchi ya kupe ipimwe damu. Ikigunduliwa mapema, dawa ya bakteria iitwayo doksisaiklini humponya, na kozi ni wiki nne. Siku ya tatu atakuwa anacheza, na watu wengi huacha dawa hapo. Usiache. Mpe kidonge pamoja na chakula, kwani kikinasa kooni kikiwa kikavu kinaunguza.

Ndugu yake ni babesia, kijidudu kingine cha kupe, inayopasua chembe nyekundu za damu. Huyu anakuja kwa kasi: homa kali, fizi nyeupe, mkojo wa rangi ya chai ya rangi au ya kahawa. Siku hiyohiyo aende kwa daktari. Dawa ya diminazini inayotumika kwa ng'ombe hutumika pia kwa mbwa, lakini kipimo kikizidi kidogo inamdhuru ubongo. Mtu wa duka la dawa za mifugo anayechoma sindano kwa kukisia uzito kwa macho asimguse mbwa wako.

Ivamektini nayo inahitaji tahadhari. Inachomwa ovyo kwa ajili ya ukurutu na minyoo, na baadhi ya mbwa wa aina hii wana kasoro ya jeni ya MDR1 inayoruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo. Wanayumba, wanapofuka, wanaweza kuzimia na kufa. Kuna dawa nyingine salama zaidi za ukurutu, ziulizie.

Kinga yenyewe: tumia kidonge, kola au matone ya kupe ya mbwa kwa tarehe, mwaka mzima. Kisha geukia banda. Kupe huyu akishiba anamwacha mbwa, anapanda ukuta na kutaga kwenye nyufa. Ukimwogesha mbwa kila Jumamosi bila kuziba nyufa, kuchoma matandiko ya zamani na kupulizia banda dawa inayofaa, unalea kizazi kipya kila mara. Tafuta ndani ya sikio, chini ya mkia, na katikati ya vidole, ambako kupe wachanga wanakaa wadogo kama mbegu za ufuta.

Hatua ya 5: Tazama kinyesi

German Shepherd kijana anayekula sana na bado anakonda, akitoa kinyesi kingi, laini, cha rangi ya mpauko, chenye mafuta na harufu kali, mara nyingi anatibiwa minyoo mara nne kabla mtu hajafikiria kongosho. Aina hii inaongoza kwa ugonjwa ambao kongosho huacha kutengeneza vimeng'enya vya kusagia chakula. Mbwa anashinda njaa huku bakuli limejaa. Wengine hula hata kinyesi chao. Kipimo ni cha damu, kinaitwa TLI, na huchukuliwa kabla ya kula.

Habari njema ni kwamba anaishi vizuri akipewa vimeng'enya hivyo kwenye kila mlo, maisha yake yote. Unga wake ni ghali na si rahisi kuupata, lakini kongosho bichi la ng'ombe linafanya kazi ileile. Agiza kwa mchinjaji kwenye machinjio yanayokaguliwa, kwa sababu nyama hiyo hutupwa au huuzwa kwa bei ndogo. Likate vipande vidogo, ufungashe kwenye mifuko ya mlo mmoja mmoja, uweke kwenye friza. Kwa mbwa wa kilo 20 hadi 25 huanzia kati ya gramu 50 na 100 kwa mlo, daktari akirekebisha kwa kuangalia kinyesi. Usilipike hata kidogo. Moto unaviua vimeng'enya. Wengi huhitaji pia sindano za vitamini B12.

Hatua ya 6: Macho, hasa nyanda za juu

Kuna ugonjwa wa kioo cha jicho ambao unapenda sana aina hii, na jua la miinuko linauchochea. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Arusha nayo iko juu, kwa hiyo hapa unastahili kuangaliwa zaidi kuliko pwani. Unaanza pembeni mwa jicho upande wa nje, utando wa waridi unaotambaa kuelekea katikati, baadaye unageuka kahawia. Hauumi sana, ndiyo maana unaachwa hadi mbwa anajigonga kwenye milango. Matone ya kudumu huuzuia. Yasitumike kabla daktari hajahakikisha hakuna kidonda kwenye jicho, maana matone ya steroidi juu ya kidonda yanaweza kulitoboa. Na banda liwe na kivuli mchana kutwa.

Hatua ya 7: Miguu ya nyuma ya mzee si lazima iwe nyonga

Akipita miaka minane na kuanza kuburuta miguu ya nyuma, watu husema ni nyonga zilezile. Jaribu hivi. Asimame, umshike tumboni, ukunje kiganja cha mguu wa nyuma ili upande wa juu wa kiganja uguse sakafu. Mbwa mwenye neva nzima anakirudisha papo hapo, hata kama nyonga zinamuuma. Akikiacha hivyo, tatizo liko kwenye neva, mara nyingi kwenye uti wa mgongo. Angalia na kucha za vidole vya kati: zikiwa zimelika kwa mbele, anaburuta.

Ugonjwa wa kudhoofika kwa uti wa mgongo wa aina hii ni wa kurithi, hauna maumivu, hauna tiba, na kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja mbwa anashindwa kutembea. Mazoezi ya kila siku na mkanda wa kumbebea kiuno humwongezea muda mzuri. Lakini kabla ya kukubali jina hilo apigwe picha, kwa sababu diski ya mgongo iliyotoka mahali pake nayo hufanana na huo, na hiyo inatibika.

Mengine kwa kifupi

Vidonda na matundu kuzunguka njia ya haja kubwa, harufu mbaya na kujilamba bila kukoma: usikande kwa maji ya chumvi ukisubiri vipone. Vinahitaji dawa za kutuliza kinga ya mwili, kwa miezi.

Mbwa mzee anayeanguka ghafla, fizi nyeupe, kisha kesho yake anaonekana nafuu: huenda ana uvimbe wa wengu unaovuja damu. Apigwe ultrasaundi siku hiyo.

Jike ambaye hajafungwa kizazi, anayekunywa maji kupita kiasi na kukosa hamu wiki chache baada ya kipindi chake cha kutaka dume: fikiria usaha kwenye kizazi, hata kama hakuna kinachotoka nje. Huo nao ni wa saa.

Joto la pwani: akihema bila kukoma, ulimi umekolea wekundu na anayumba, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, ukisimamisha joto likishuka hadi 39.5, kisha mpeleke hospitali hata kama amesimama.

Chanjo za parvo na distempa zianze wiki ya sita hadi ya nane, zirudiwe kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya kumi na sita. Ya kichaa cha mbwa haina mjadala.

Unapokwenda kwa daktari

Beba picha za simu za miezi iliyopita, kinyesi cha asubuhi kwenye chombo safi, na orodha ya kila dawa aliyopewa, pamoja na sindano ile ambayo jirani alikuchomea. Kama tatizo ni kutembea, mrekodi akitembea nyumbani, mbele na nyuma, kwa kuwa mbwa wengi wakifika kliniki huficha kuchechemea kwa woga. Sema lini ilianza, siyo tu lini ilizidi. Uliza kila kipimo kinatafuta nini na gharama yake kabla hakijafanywa, na kama fedha hazitoshi sema wazi, ili daktari akuchagulie kile cha kuanza nacho.